Mashine ya Gesi Iliyokuwa Inajifungua Yenyewe

Wakuu, nianze na la aibu, ili nikimaliza kusimulia msije mkasema nimejipendelea.

Mimi, Didas Kalinga, mtu mzima mwenye mvi na diploma ya umeme, nilikaribia kumng'oa mama wa watu kwenye nafasi yake kwa sababu ya mzaha.

Mzaha mmoja. Sentensi moja. Na hata haukuwa mzaha mzuri kivile.

Kisa chenyewe ni cha mashine iliyokuwa inajibonyeza yenyewe mchana kweupe. Hakuna mtu pale, hakuna waya uliokatika, halafu tanuru zima linazimika.

Kaeni vizuri.

Nafanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha chokaa huku Mbalizi. Jina la kiwanda naliacha, bado kazi naihitaji.

Chokaa inapatikana kwa kuchoma mawe kwenye tanuru refu kama ghorofa, kwa moto wa makaa ya mawe. Moto ukiwa mdogo, unatoa mawe yaleyale uliyoingiza, tofauti ni kwamba sasa yanaunguza mkono. Moto ukizidi, mawe yanaungua mpaka yanakuwa hayafai kupaka hata shina la mchungwa.

Ili ujue moto ukoje, unapima moshi. Oksijeni imebaki kiasi gani, gesi ya sumu iko kiasi gani. Hiyo ndiyo kazi ya mashine tunayoiita analaiza.

Ile ya zamani ilikuwa na vitufe vya mpira. Unabonyeza kwa dole gumba mpaka kucha inabadilika rangi. Ikafa, ikaletwa mpya.

Aisee, ile mpya ni nzuri. Boksi la chuma zito, katikati lina dirisha la kioo kinene, na ndani ya kioo kuna skrini inayowaka rangi ya bluu. Kitufe hakuna hata kimoja. Unagusa kioo tu.

Aliyekuja kuifunga ni injinia kutoka Dar, anaitwa Naima. Mwanamke mpole, maneno machache, hijabu chini ya helmeti. Ilifungwa juu kwenye jukwaa la chuma, karibu na bomba la moshi, na hapohapo juu akatufundisha.

"Kuna sehemu nne za kugusa, kwenye kona nne za kioo," akasema. "Skrini inajifunga yenyewe ili mtu asiivuruge kwa bahati mbaya. Kuifungua unagusa kona kwa mpangilio. Juu kushoto, juu kulia, chini kushoto, chini kulia. Hiyo ya mwisho ndiyo pia ya kukubali."

"Kwa hiyo ni kama ishara ya msalaba," nikamwambia.

Watu wakacheka. Naima naye akatabasamu.

"Hapana kaka. Ni zaidi kama herufi zedi."

Akaendelea kueleza jambo fulani kuhusu kile kioo. Mimi sikulishika, nilikuwa bado nasikilizia kicheko cha watu.

Sasa nimtambulishe mama mwenyewe.

Anaitwa Atuganile, Mnyakyusa wa Tukuyu, ila kiwandani wote tunamwita Mama Lea. Yeye ndiye anayeendesha tanuru zamu ya mchana. Anakaa kwenye chumba chenye kompyuta chini ya lile jukwaa, sisi tunakiita kontroo.

Hakuanzia pale. Miaka mingi alikuwa kwenye mifuko. Kule ndiko chokaa inakopakiwa, vumbi jeupe tangu asubuhi mpaka jioni, mtu akitoka humo hata kope zake huzioni. Akawa kila akipata nafasi anaingia kontroo, anaangalia, anauliza, anaelekezwa. Mwishowe akapewa kiti.

Mume wake yuko Chunya anatafuta dhahabu. Kila akipiga simu anasema wameshaukaribia mkanda wenye dhahabu. Wameukaribia tangu binti yao Lea yuko darasa la kwanza. Lea sasa ana mtoto.

Mimi na yeye ni watani. Yeye Mnyakyusa, mimi Mhehe wa Kihesa pale Iringa. Nikiingia kunywa chai lazima tupigane maneno kwanza.

"Mhehe, ulanzi umeisha kwenu mpaka unafuata chai yetu?"

"Nimekuja kuwasaidia. Nyie mkiachwa peke yenu mnajisifu mpaka chai inapoa."

Maisha yakawa hivyo, raha tu, mpaka ilipofungwa ile mashine mpya.

Siku ya kwanza naikumbuka. Asubuhi ya baridi ile ya Mbeya inayokufanya uongee moshi. Nimepanda juu, nimekagua analaiza, namba nzuri kabisa. Nimeshuka, nikapita kwa Clement, fundi mwenzangu, kwenye karakana tukabishana kidogo habari za mpira, nikaelekea kontroo.

Nafika mlangoni, kengele inalia.

Mama Lea amesimama, mikono juu kama mtu aliyeambiwa ajisalimishe.

"Sijagusa kitu, Kalinga. Nimekaa tu. Namba ikaganda, halafu makaa yakakatika."

"Kaa pembeni mama, fundi amefika."

Nikapanda ngazi mbiombio. Naifikia mashine, naikuta imejiweka kwenye kalibresheni. Yaani iko kwenye hali ya matengenezo, inasubiri fundi aipimishe na gesi ya mtungi. Ikiwa kwenye hali hiyo haitumi namba ya kweli kule chini. Mfumo unaivumilia kidogo, ukiona kimya unakata makaa ya mawe ili tusilipuke.

Nikairudisha kawaida, nikashuka huku napigiwa makofi. Nikajiona mtu wa maana sana.

Lakini tanuru likishapoa si jiko la mkaa hilo, kwamba utapuliza liwake. Siku nzima ile tulitoa mawe mabichi.

Siku chache mbele, tena.

Halafu tena.

Halafu ikatulia, tukasahau, ikaja tena siku ya upepo, vumbi limejaa kila mahali.

Kila mara ni mchana. Usiku, kwenye zamu ya Joachim, tanuru linalala kama mtoto aliyeshiba. Na mchana wa mwezi ule wote alikuwa Mama Lea.

Maneno yakaanza. Walinzi wakasema ni jini, kwamba lile eneo zamani lilikuwa na makaburi. Wa kwaya wakataka tuifanyie maombi. Mama mmoja wa jikoni akashauri tuizungushie chumvi, nikamwambia mama, ile mashine chumvi itaila kuliko jini.

Bosi wetu, Bwana Makame, si mtu wa majini. Ni mtu wa Pwani, mtaratibu, anaongea kwa sauti ya chini mpaka unasogeza kiti. Akaitisha kikao.

"Kompyuta inaonyesha skrini imefunguliwa kwa mkono," akasema. "Palepale kwenye kioo. Hitilafu ya umeme haipo. Kuna mkono. Sasa mimi nauliza kwa wema, mkono wa nani?"

Kimya.

Kila mtu anaangalia viatu vyake.

Na mimi, wakuu, kimya huwa kinaniwasha. Kikizidi kidogo tu lazima nikikune.

"Bosi, labda Mama Lea anapanda kule juu kutafuta chaneli ya tamthilia."

Ukumbi ukapasuka. Gloria, sekretari wa bosi, alicheka mpaka akainamia meza. Clement akanipiga begani.

Bwana Makame hakucheka.

"Mama Lea, huwa unapanda kule?"

Kicheko kikakatika.

"Napanda bosi. Mara mojamoja. Kulinganisha namba ya juu na ya kwangu."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Bosi akatikisa kichwa polepole. Niliona kabisa lile wazo linaingia kichwani mwake, na aliyelifungulia mlango ni mimi.

"Basi tupeane mpaka Ijumaa," akasema. "Isipojulikana, Mama Lea atarudi kwenye mifuko kwa muda, Clement akae kontroo, tuone kama itaendelea. Mtanisamehe, lazima nianzie mahali."

Nikataka kusema bosi, natania. Mdomo ule unaosema kila kitu, siku hiyo ukagoma.

Nikamfuata Mama Lea kontroo. Akamimina chai. Akampa Clement, akampa kijana wa makaa, akajimiminia yeye, akafunga chupa.

"Mama Lea, yangu?"

Akanywa kwanza.

"Kalinga, mfuko wa chokaa unajua uzito wake?"

"Najua."

"Hujui. Unajua namba yake."

Clement akainuka na kikombe chake, akala kona.

"Hiki kifua hapa," akasema, akajigusa, "daktari amenikataza lile vumbi. Kanionyesha na picha. Wewe unadhani nakipenda hiki kiti kwa sababu kinazunguka? Hiki kiti ndiyo pumzi yangu. Na hayo maneno ya kwa muda nimeshayasikia. Kwenye mifuko hakuna mtu aliyekwenda kwa muda akarudi."

"Nilikuwa nawachekesha tu, mama."

"Umewachekesha. Wamecheka."

Akageukia kompyuta yake.

Dah. Bora angenitukana. Mnyakyusa akikutukana unajua bado mko pamoja.

Sikusikia njaa mchana ule. Nikakaa nyuma ya karakana, nikampigia Naima.

"Injinia, hivi ile skrini inaweza kufunguka bila mtu kuibonyeza?"

"Kaka Didas, ile hata wewe huibonyezi," akasema. "Nilieleza siku ile. Kuna miale inatoka ndani ya kioo, macho hayaioni. Kitu kikipita mbele ya kona, miale inarudi ndani, mashine inahesabu kwamba kona imeguswa. Ndiyo maana inakubali hata ukivaa glavu."

"Kitu chochote?"

"Chochote. Cheupe ndiyo kinaonekana zaidi."

Hapo taa ikawaka kichwani. Nikakumbuka kile kioo huwa kina joto, na asubuhi za huku kwetu kila kiumbe kinatafuta pa kuotea.

"Hata mjusi?"

Upande wa pili sauti ikapanda.

"Umesema mjusi?"

"Mjusi. Tena wa huku ni weupe, vumbi la chokaa haliwabagui."

Naima akavuta pumzi. "Kinadharia, mjusi akianza juu kushoto, akaenda kulia, akashuka chini kushoto, akamalizia kulia, halafu akatulia palepale kwenye kona ya kukubali, basi ndiyo, ataingia kwenye menyu. Na kitu cha kwanza kwenye menyu ni kalibresheni."

"Asante sana, injinia. Nimeshampata."

"Kaka, huyo mjusi lazima awe amesoma."

Sikumjali. Nilikuwa na mjusi wangu, na nilikuwa na njia ya kumwokoa Mama Lea.

Kesho yake nikapanda na Clement. Simu yangu nikaifunga kwa waya kwenye reli ya jukwaa, ndani ya mfuko wa nailoni angavu, ikielekea kioo cha analaiza. Nikaichomeka pawabenki. Ili video ienee nilifuta picha zote za kipaimara cha Eveline, binti yangu, na nyumbani bado sijasema.

"Sasa hapa tusipasogelee," Clement akashauri.

"Hapana. Tufanye kila kitu kama kawaida. Mjusi akiona mabadiliko atashtuka."

Nikaendelea na mizunguko yangu. Nikapanda kukagua kama siku zote, nikashuka kama siku zote, nikapita karakana kama siku zote.

Kengele ikalia.

Wakuu, kiwanda kizima mimi ndiye niliyekuwa mtu pekee aliyefurahi. Nilipanda zile ngazi nacheka. Nikairudisha mashine kawaida, nikaifungua simu kutoka kwenye reli, na mbele ya Clement nikaenda nayo moja kwa moja kwa Gloria.

"Ifungie kabatini. Sijaangalia hata kidogo, na Clement shahidi. Asije mtu kesho akasema nimemkatakata mjusi."

Gloria akaniangalia kama mtu anayetaka kuuliza, akaamua kuacha.

Ijumaa kikao kikajaa. Hata walinzi wa getini walikuja, mmoja akiwa na kiti chake. Mama Lea alikaa nyuma kabisa karibu na mlango. Alikuwa amefunga kilemba cha kazini, kile cha mifuko. Alikuja amejiandaa.

Nikasimama mbele. Nikaeleza miale. Nikaeleza joto la kioo. Nikaeleza tabia za mjusi kwa kirefu, mpaka mengine nilikuwa natunga.

"Ndugu zangu, leo mtamuona mhusika kwa macho yenu. Na Mama Lea ataombwa radhi na wote waliocheka."

Nikasema waliocheka. Mchekeshaji nikamruka.

Gloria akaunganisha simu kwenye televisheni ya ukutani. Picha ikatokea, safi, mashine katikati, skrini ya bluu inawaka.

Akapeleka mbele. Vumbi. Vumbi tena. Shomoro akatua kwenye bomba, akajikung'uta, akaondoka.

Halafu, wakuu, mjusi akatokea.

Kweli kabisa. Mweupe kama nilivyosema. Akapanda kwenye boksi la mashine, ukumbi mzima ukabana pumzi. Nikanyoosha kidole kama shahidi mahakamani.

Mjusi akasimama ukingoni mwa kioo. Akakiangalia. Akainua kichwa mara mbili tatu kama wanavyofanya. Akageuka, akaenda zake.

"Ngoja, atarudi," nikasema.

Akatokea mtu. Anapanda ngazi, helmeti nyeupe, tumbo limetangulia.

"Huyo ni mimi, mzunguko wa kawaida. Gloria, peleka mbele."

"Acha," akasema Bwana Makame.

Yule mtu kwenye video akainama mbele ya skrini. Akasoma namba. Akatikisa kichwa kwa heshima, kama anayemsalimia mkwe.

Akageuka aondoke. Akasita. Akarudi.

Akatoa kitambaa cheupe mfuko wa nyuma.

Hapo kidole changu nikakishusha.

Akakihemea kioo, haaa. Akaweka kitambaa juu kushoto, akakivuta mpaka juu kulia. Bila kuinua mkono akashuka mshazari mpaka chini kushoto. Akakivuta tena mpaka chini kulia. Na pale kwenye kona ya mwisho akatia dole gumba ndani ya kitambaa, akazungusha, akazungusha, mpaka kona ing'ae.

Akarudi nyuma hatua moja kuangalia kazi yake. Akaridhika. Akageuka, akashuka ngazi anapiga mluzi.

Na nyuma ya mgongo wake, taratibu, skrini ya bluu ikafunguka. Menyu ikajipanga. Mstari wa kwanza ukawaka. Ukakubaliwa.

Vichwa vyote ukumbini vikageuka kwangu.

Simu yangu naifuta na shati kila siku ya Mungu, haijawahi kumpigia mtu. Nilidhani kioo ni kioo.

Gloria ndiye aliyeanza, kwa sauti yake ileile ya kupokea wageni.

"Mjusi huyo mbona kavaa helmeti."

Wakuu, watu walilala chini. Mlinzi alianguka na kiti chake alichokuja nacho. Clement alikuwa ananipigapiga mgongoni huku analia machozi. Bwana Makame mwenyewe alitoa leso, akajifunika mdomo, mabega yanamcheza.

Mmoja tu hakucheka.

"Gloria," akasema Mama Lea kutoka kule nyuma. "Rudisha, nione tena."

Gloria akarudisha. Nikatokea tena, tumbo mbele, nikafuta, nikazungusha kona, nikapiga mluzi.

"Tena."

Ikarudishwa tena. Safari hii hakuna aliyecheka sana. Walikuwa wanamwangalia yeye.

"Bwana Kalinga," bosi akauliza, "kufuta kioo kwa mtindo huo ulifundishwa na nani?"

"Mama yangu, bosi. Kihesa."

Nikaeleza. Nyumbani kulikuwa na kabati la vyombo lenye milango ya kioo, na kila Jumamosi ilikuwa zamu yangu kulifuta ili Jumapili wageni wa kutoka misa walikute linang'aa. Mama alikuwa na utaratibu wake. Anza juu, peleka kulia, shuka mshazari, malizia kulia, kona ya mwisho ipe dole. Ukirudia mstari anakupa kabati lote upya. Mpaka leo mkono wangu ukikuta kioo chenye vumbi unakwenda wenyewe.

"Na hapa kwetu," bosi akasema, "vumbi halikosekani."

"Halikosekani."

"Sasa, kwenye kikao kile kilichopita ulisema neno."

Nikajua analitaka lipi. Nikageuka kule mlangoni. Nilikuwa nimeshatunga kitu cha kuchekesha, kiko mdomoni tayari, nikakimeza.

"Mama Lea, nilisema unatafuta tamthilia. Halikuwa kweli, na nilijua si kweli wakati naliongea. Nilitaka watu wacheke. Nimekuweka karibu na lile vumbi kwa ajili ya kicheko. Naomba unisamehe."

Akasimama pale mlangoni.

"Nimesikia," akasema.

Mnaona, hakusema amesamehe. Kasikia tu.

Akafungua kile kilemba cha mifuko, akakikunja vizuri mara nne, akamkabidhi Clement aliyekuwa achukue nafasi yake. Akaenda kontroo kukalia kiti chake.

Jioni nikampigia mama Iringa. Tukaamkiana kamwene, kamwene, nikampa mkasa wote mpaka mwisho. Akasikiliza bila kunikatiza.

"Kwa hiyo kioo kilikuwa kinang'aa?"

"Kilikuwa kinang'aa, mama."

"Basi hao warekebishe mashine yao."

Naima nilipompigia hakuongea kabisa mwanzoni. Nilidhani mtandao umekata, kumbe anacheka ameiweka simu mbali. Aliporudi akasema kuna namna ya kuzima zile kona kwanza, halafu ndiyo ufute. Alishaieleza siku ya kwanza, wakati mimi napokea kicheko cha msalaba.

Bwana Makame hakunipa adhabu. Alitoa agizo moja tu. Kuanzia sasa hakuna mtu kugusa kile kioo, awe fundi, awe injinia, awe yeye mwenyewe, mpaka aombe ruhusa kontroo kwa redio na aliye zamu amzimie zile kona kutoka chini.

Aliye zamu mchana mnamjua.

Somo langu, wakuu, nawapa bila kuzunguka. Kitu kikiharibika kila ukipita wewe, jichunguze wewe kabla hujaanza kuhesabu wenzako. Na kama Mungu amekujalia kuchekesha watu, angalia kwanza huo mzaha unamwangukia nani. Wanaocheka wataenda nyumbani, na mmoja atabaki amebeba.

Mimi nimejifunza. Naendelea kujifunza. Tena hivi ninavyowaandikia ndiyo nipo darasani.

Niko kwenye ngazi ya chini ya jukwaa. Upepo wa asubuhi umepiga, kile kioo huko juu kimekuwa cheupe, namba haisomeki. Kitambaa kiko mkononi. Redio iko mkononi.

Clement ameita kontroo sasa hivi kuulizia kiwango cha makaa, akajibiwa fasta, sauti tamu kabisa. Kijana wa lori ameita, akajibiwa. Hata mlinzi ameita kuuliza chai imeiva, akaambiwa njoo.

Nami nimeita. Narudia tena.

"Kontroo, kontroo. Kalinga hapa. Mama Lea, naomba ruhusa nikafute kioo."

Redio inakoroma tu.

"Mama Lea. Naomba."